Manhattan ya nyumbani Mombasa: mbona haifiki ile ya melini?

#1 Baharia_wa_Tudor (mleta uzi)
Salaam wadau. Uzi huu ni wa watu wazima, miaka 18 kwenda juu.

Nimefanya kazi kwenye meli za watalii miaka kumi na mmoja, minane kati ya hiyo nikiwa kaunta ya vinywaji. Kokteli niliyoichanganya kuliko zote ni Manhattan. Naijua kwa mkono: wiski ya nafaka ya rai mililita 60, vermuti nyekundu tamu mililita 30, mitikiso miwili ya bitazi ya Angostura (yale matone machungu ya viungo), barafu, koroga, chuja kwenye glasi ya mguu iliyopoa, kamua ganda la chungwa juu yake, tumbukiza cheri. Basi.

Mwezi wa kwanza nimerudi nyumbani Tudor kabisa. Chupa moja ya rai nilikuja nayo, ya pili kaniletea mwenzangu. Kila nikichanganya kinatoka kinywaji kilichopooza. Si kibaya, kimepooza. Ule ukali wa rai unaokuja nyuma ya ulimi kama pilipili manga haupo, na utamu unaganda mdomoni kama shira ya kaimati. Vipimo ni vilevile, mkono ni uleule. Chupa ya kwanza imeisha nikitafuta kosa. Mwenye kuelewa anieleweshe.

#2 Mkaa_Jamvini
Nimekunja miguu hapa. Huu uzi utafika mbali.

#3 Mpishi_Bamburi
Ami, swali moja tu. Hiyo vermuti umeifungua lini na unaiweka wapi?

#4 Baharia_wa_Tudor
Niliifungua kabla ya Ramadhani. Iko kabatini jikoni, imefungwa vizuri.

#5 Mpishi_Bamburi
Basi tumemshika mwizi. Vermuti ni divai iliyoongezwa pombe kidogo na kutiwa majani na viungo. Nguvu yake ni kama asilimia 16 hadi 18, haifiki nusu ya wiski. Wiski ukiifungua inakaa miaka, lakini vermuti ikishaonja hewa inaanza kuharibika kama divai nyingine yoyote, polepole tu. Inapoteza harufu, uchungu wake unafifia, inabaki sukari na ukakasi fulani kama siki. Mahali pake ni ndani ya friji, mlangoni, na uimalize ndani ya mwezi mmoja au miwili. Yako imekaa miezi minne kwenye jiko la Mombasa! Pale hotelini ninapofanya kazi chupa ikifunguliwa tunaandika tarehe kwenye kifuniko kwa kalamu ya wino mzito.

Na jina lenyewe linatokana na neno la Kijerumani la mmea wa pakanga. Ule uchungu wa pakanga ndio unaoshindana na sukari. Ukifa, umebaki na shira.

#6 Fundi_Friji
Mpishi, nakubali nusu. Mimi natengeneza mafriza Kongowea mwaka wa kumi na nne huu, na wiski nakunywa. Vermuti mbovu inaweza kuleta huo utamu wa shira. Haiwezi kuua pilipili ya rai. Pilipili inauawa na maji.

Barafu ikitoka kwenye friza nzima iko nyuzi 18 chini ya sifuri, kavu, inanata kidoleni. Ukiimwaga bakulini ukaenda kutafuta glasi, ukapokea simu, ukirudi inang'aa. Kung'aa huko ni maji. Sasa ni kusi, mchana nyuzi 28 tu. Ngoja kaskazi irudi uone. Melini ulikuwa na kiyoyozi na barafu ya mashine, vipande vikubwa vya aina moja.

Watu wengi hudhani kinachopoza kinywaji ni ule ubaridi wa barafu wenyewe. Hesabu inakataa. Gramu moja ya barafu kupanda kutoka nyuzi 18 chini hadi sifuri inanyonya kalori 9 za joto. Gramu hiyohiyo ikiyeyuka inanyonya kalori 80. Kwa hivyo lazima maji yaingie, na Manhattan isiyo na maji ni kali haina adabu. Tatizo ni yale maji yaliyokwisha kuyeyuka bakulini kabla hujakoroga. Hayapozi kitu, yanaongeza ujazo tu. Kung'uta barafu kwenye chujio kabla ya kuitia.

Glasi nayo. Ikiwa ilikuwa rafuni, ina joto la jikoni. Itie friza nusu saa.

#7 Binti_Mvita
Fundi leo umetufungulia darasa. Mimi sina ujuzi wa barafu, nina hadithi. Manhattan ilibuniwa na mama yake Winston Churchill, Jennie Jerome, alipofanya sherehe Manhattan Club kule New York mwaka 1874. Sherehe ilikuwa ya kumpongeza Samuel Tilden kwa kushinda ugavana.

#8 Karani_Mstaafu
Binti, hadithi hiyo ni tamu lakini umenoa. Churchill amezaliwa tarehe 30 Novemba 1874, Blenheim, Uingereza. Uchaguzi wa Tilden ulikuwa Novemba hiyohiyo. Mama yu karibu kujifungua ng'ambo ya bahari, kisha awe New York anaandaa karamu? Haiwezekani. Klabu yenyewe ilikuwapo, na huenda jina limetoka huko au limetoka kwenye kisiwa tu.

Kilichoandikwa mapema na kinachoshikika ni maana ya neno kokteli. Gazeti moja la mji wa Hudson, jimbo la New York, lilieleza mwaka 1806 kwamba ni pombe kali, sukari, maji na bitazi. Hapo vermuti haijaingia. Manhattan ni mjukuu: sukari na sehemu ya maji zimepisha vermuti.

#9 Binti_Mvita
Ahsante mzee, nimesahihishika. Hadithi nitaendelea kuisimulia lakini nitasema ni hadithi.

#10 Mwana_Kibokoni
Nyote mmeruka swali la kwanza. Hiyo barafu imegandishwa kwa maji gani?

#11 Baharia_wa_Tudor
Ya kisima cha ploti. Ya mfereji kwetu huja mara mbili kwa wiki, tunayaweka ya kupikia na kunywa. Barafu nikaona si kitu.

#12 Mwana_Kibokoni
Yakhe! Miaka kumi na mmoja baharini, umekuja kunywa bahari nyumbani.

Kwa wasio wa hapa: kisiwa hiki hakina mto. Maji yetu ya mfereji yanatoka mbali, Mzima, Baricho, Marere, Tiwi, na hayatoshi. Pengo linajazwa na visima, na vingi vya kisiwani vina chumvi. Nyumba nyingi zina pipa la kuogea na pipa la chai, na mtoto hujua tofauti kabla ya kujua kusoma. Sasa wewe kinywaji chako robo yake nzima ni barafu iliyoyeyuka. Robo! Unapika kaimati kwa unga mzuri kisha unakandia maji ya kisima.

#13 Mpishi_Bamburi
Kibokoni, ngoja. Chumvi kidogo haiharibu kokteli. Kuna wahudumu wa kaunta wanaotia tone moja la maji ya chumvi makusudi, kwa sababu chumvi hufunika uchungu na kuuinua utamu. Ni kama unavyotia chumvi kwenye embe bichi.

#14 Mwana_Kibokoni
Umenisaidia bila kujua. Inafunika uchungu, inainua utamu. Soma tena malalamiko ya Ami pale juu: ukali haupo, utamu umezidi. Ni hilohilo.

#15 Mpishi_Bamburi
Hmm. Nakuachia hapo kwa leo. Lakini vermuti ya miezi minne sijaisamehe.

#16 Shangazi_wa_Nyali
Na ndani ya hiyo friza kuna nini kingine? Maana mimi niliwahi kuwatilia wageni barafu kwenye maji ya ndimu, mmoja akaniuliza kwa heshima kama ndimu zimelala na samaki. Zilikuwa zimelala na papa mkavu. Barafu hunyonya harufu kama kitambaa. Tangu siku hiyo trei ya barafu naifunika, na kila baada ya wiki namwaga nagandisha upya.

#17 Baharia_wa_Tudor
Shangazi, kuna changu wawili na kifuko cha pweza.

#18 Mkaa_Jamvini
Manhattan ya pweza. Nilisema uzi utafika mbali.

#19 Mla_Nafaka
Nimesoma yote, na naona hakuna aliyeuliza kuhusu wiski yenyewe. Ami, hebu soma lebo ya chupa zote mbili. Imeandikwa nini baada ya neno rai?

#20 Baharia_wa_Tudor
Ya kwanza, iliyoisha, ilikuwa ya Marekani. Hii ya pili imeandikwa Canadian, na neno rai lipo.

#21 Mla_Nafaka
Ndiyo maana. Rai ni nafaka, jamaa ya ngano, inastahimili baridi na udongo hafifu. Sheria ya Marekani inasema wiski ikiitwa rai, nafaka zake zisipungue asilimia 51 za rai, na ikae kwenye mapipa mapya ya mwaloni yaliyochomwa ndani. Zipo zinazopita hapo mbali sana. Bulleit ya rai ni asilimia 95. Kanada ni tofauti. Kule neno rai limekuwa jina la kawaida la wiski yao, na chupa inaweza kubeba jina hilo hata kama nafaka nyingi ndani ni mahindi. Laini, tamu, nyepesi.

Hili lina historia. Zamani Pennsylvania na Maryland ndiko rai ilikotamba. George Washington mwenyewe alikuwa na mtambo kwake Mount Vernon. Mwaka 1799 ulitoa karibu galoni 11,000, na asilimia 60 ya nafaka yake ilikuwa rai. Halafu pombe ikapigwa marufuku Marekani nzima, 1920 hadi 1933. Viwanda vingi vya rai vikafa. Wiski ya Kanada ikavuka mpaka kwa magendo, watu wakazoea ulaini, na Manhattan ikachanganywa na ya Kanada au bourbon, wiski ya mahindi ya Marekani, kwa miaka mingi baadaye. Kwa hiyo kinywaji chako si kibovu, ni kile walichokunywa babu zao baada ya marufuku. Ila si kile unachokikumbuka.

#22 Baharia_wa_Tudor
Maelezo yamenyooka, nashukuru. Lakini ile ya kwanza ilikuwa ya Marekani na ilipooza vilevile. Hapo unasemaje?

#23 Mla_Nafaka
Ilikuwa na nguvu asilimia ngapi? Asilimia 40 ndiyo ya chini kabisa kisheria. Kaunta nyingi hutumia ya 45 au 50 kwa Manhattan, kwa sababu ikishalowa bado inasimama. Ya 40 ikikutana na barafu iliyolowa ya Fundi, imekwisha.

#24 Baharia_wa_Tudor
Arobaini. Melini tulikuwa na ya hamsini.

#25 Fundi_Friji
Sasa ulikuwa unangoja nini kutuambia?

#26 Mwana_wa_Markiti
Mimi nauza viungo, mlango wa nyuma wa Markiti. Bitazi mnainunua ya nini? Pombe kali isiyo na ladha, ganda la chungwa lililokaushwa, mdalasini, karafuu tatu, iliki mbili, na kwa uchungu majani ya mwarobaini. Wiki mbili gizani, unachuja kwa kitambaa. Mti wa mwarobaini uko kila uwanja wa nyumba mji huu.

#27 Muuguzi_Mikindani
Viungo vyote sawa, mwarobaini naomba uutoe. Watu wanauzoea kwa sababu uko uwanjani, lakini ukiloweka kwenye pombe kali hujui umetoa kiasi gani. Mama mjamzito asiuguse kabisa, na mafuta yake yamewahi kuwadhuru watoto wadogo vibaya. Vilevile wale wanaonunua gome la kwinini mtandaoni na kuliloweka: hicho ni kipimo cha dawa, na dalili za kuzidisha huanza kwa masikio kulia na kichwa kuzunguka. Uchungu wa ganda la chungwa na ngozi yake nyeupe ya ndani unatosha.

Na pombe kali ya kulowekea iwe ya chupa yenye stempu na lebo ya kueleweka. Ya jerikeni isiyojulikana ilikotoka inaweza kuwa na methanoli, na nchi hii imezika watu na wengine wamepofuka. Nimewapokea baadhi yao wodini.

#28 Mwana_wa_Markiti
Nimekusikia dada. Mwarobaini nautoa. Nitajaribu na ganda la ndimu lenye ule weupe wake.

#29 Karani_Mstaafu
Angostura yenyewe ilianza kama dawa. Daktari Mjerumani, Johann Siegert, aliitengeneza mwaka 1824 huko Venezuela, katika mji ulioitwa Angostura, alipokuwa akiwatibu askari wa Simón Bolívar matumbo. Baadaye familia ikaihamishia Trinidad, na iko huko hadi leo.

Ami, mitikiso yako miwili, chupa ni mpya? Chupa iliyojaa hutoa tone dogo kuliko iliyofika nusu. Melini chupa yako ilikuwa haijai hata siku moja. Nyumbani unaitumia mara moja kwa wiki, imejaa mpaka shingoni. Tia mitatu.

#30 Baharia_wa_Tudor
Mzee, hilo sijawahi kuliwaza. Chupa kweli imejaa.

#31 Ummu_Swaleh
Mimi kileo situmii, naja kwenye huu uzi kwa sababu ya viungo. Mume wangu alifanya kazi hotelini na alikuwa akinisimulia vinywaji hivi kama hadithi za mbali. Nikamtengenezea cha kwetu: chai ya rangi kali sana iliyopoa, rojo la ukwaju kijiko kimoja, shira ya mdalasini kidogo, barafu kubwa moja, kisha unakamua mafuta ya ganda la chungwa juu yake. Kinashika koo kidogo, kina rangi ileile nyekundu ya kahawia. Wageni wa futari walikiomba mwezi mzima.

#32 Mla_Nafaka
Mama, hicho kinapendeza. Ukitia na mitikiso miwili ya Angostura kitakamilika.

#33 Ummu_Swaleh
Hapana mwanangu. Hiyo chupa nimeisoma: asilimia 44.7 ya kileo. Matone au bakuli, kwetu ni mamoja. Karafuu moja iliyopondwa inafanya kazi hiyo.

#34 Mla_Nafaka
Samahani sana Mama, nilikurupuka. Karafuu nitaijaribu.

#35 Shangazi_wa_Nyali
Kuhusu ganda la chungwa: machungwa yetu ya pwani ni ya kijani hata yakiiva. Je, si hilo linalomharibia? Melini walikuwa na yale ya rangi ya chungwa kweli.

#36 Mwana_wa_Markiti
Shangazi, ukijani ni kwa sababu usiku wetu hauna baridi. Chungwa hupoteza rangi ya kijani likipigwa na usiku wa baridi. Ndani limeiva vizuri. Mafuta ya ganda yapo, kata kipande kidogo cha ganda ukikamue juu ya moto wa kibiriti, utaona cheche. Ila menya jembamba, na uoshe kwanza.

Na cheri za kopo zinazouzwa mjini ni sukari na rangi. Msimu wa zambarau ukifika, zichemshe kidogo kwenye shira na iliki, ziweke chupani na toti moja ya wiski. Zina ukakasi, zinafaa kuliko cheri.

#37 Dereva_Likoni
Wadau, hii kokteli ya Sazerac niliyoisikia ni ndugu yake Manhattan? Mteja mmoja aliisifu kuanzia feri mpaka Diani.

#38 Karani_Mstaafu
Ni ya New Orleans. Rai, sukari, bitazi ya Peychaud's, na glasi inasuuzwa kwa absinthe, pombe kali ya pakanga. Wengi husema ilianza na konyaki, pombe kali ya zabibu ya Ufaransa, kisha kidudu kikashambulia mizabibu ya Ufaransa karne ya 19, konyaki ikaadimika, rai ikashika nafasi. Absinthe ikapigwa marufuku Marekani mwaka 1912, wakatafuta mbadala. Mwaka 2008 bunge la Louisiana liliitangaza kokteli rasmi ya New Orleans. Haina vermuti, kwa hiyo nyumbani ni rahisi zaidi. Fungua uzi wake nitakuja, na usinywe siku ya zamu.

#39 Dereva_Likoni
Siku ya zamu ni madafu tu mzee wangu. Uzi naufungua.

#40 Baharia_wa_Tudor
Wadau, mrejesho. Jana nimenunua vermuti mpya, chupa ndogo, iko mlangoni mwa friji. Nimegandisha barafu ya maji ya kununua, nikaifunika, changu na pweza nimewahamisha. Glasi ilikaa friza saa nzima. Barafu nimeikung'uta kama Fundi alivyosema. Bitazi mitikiso mitatu. Rai ni hiihii ya Kanada. Nimekoroga nikihesabu hadi 30.

Pilipili imerudi kidogo. Si kama ile ya melini, lakini ipo, nimeisikia nyuma ya ulimi nikanyamaza. Harufu ya chungwa imekaa vizuri. Utamu bado umezidi, na baada ya dakika kumi barazani ukazidi tena.

#41 Mpishi_Bamburi
Vermuti. Nilisema.

#42 Mwana_Kibokoni
Maji. Nilisema kwa herufi kubwa moyoni.

#43 Mla_Nafaka
Na utamu uliobaki ni Kanada.

#44 Fundi_Friji
Amebadilisha vitu vingi kwa mpigo, hakuna anayeweza kusema ni kipi. Na huo utamu wa dakika kumi ni joto: kinywaji kikipata joto ulimi unausikia utamu zaidi. Ami, changanya kidogo, nusu ya kipimo, unywe kikiwa baridi, kisha changanya tena. Glasi ndogo ndiyo ya Mombasa.

#45 Karani_Mstaafu
Fundi yuko sawa kuhusu jaribio. Glasi mbili pamoja, kila kitu sawa, tofauti iwe barafu peke yake: moja ya kisima, moja ya maji ya kununua. Mtu mwingine akuchanganyie ili usijue ipi ni ipi. Usiku mwingine ujaribu vermuti.

#46 Baharia_wa_Tudor
Ile vermuti ya zamani bado ipo, sijaimwaga. Jumamosi baada ya isha nitaanza na maji. Mwana Kibokoni, wewe ndiye utakayechanganya, kwa kuwa unaamini maji kuliko wote. Mpishi akae pembeni aangalie mkono wako.

#47 Mwana_Kibokoni
Nipo. Nakuja na trei yangu mwenyewe ya barafu ya Mzima.

#48 Shangazi_wa_Nyali
Ifunike.